Mizizi Kabla ya Baridi



Katika bustani za Uingereza hupandwa ua ambalo wenyeji huliita, kwa lugha yao, ua la ukutani. Limepata jina hilo kwa sababu huota lenyewe katika nyufa za kuta za kale za mawe na chokaa, mahali penye udongo kidogo sana. Rangi zake ni manjano, machungwa na nyekundu iliyoiva, na harufu yake ni tamu. Ni la ukoo mmoja na kabichi na sukuma wiki tunazozifahamu sote.

Leo tunapenda kutafakari jinsi linavyotunzwa. Mbegu hupandwa kitaluni mwezi wa Mei au Juni, wakati wa joto. Miche ikifikia kimo cha sentimeta 15 hivi, mtunza bustani huikata ncha ya juu ili itoe matawi mengi. Kufikia Oktoba huihamishia mahali itakapokaa. Mwaka huo wote haoni ua. Huona majani tu. Kisha huja miezi ya baridi kali, hata ardhi huganda. Ndipo katika Aprili ya mwaka unaofuata bustani hujaa maua.

Watunza bustani wanajua mambo mawili. Kwanza, aina za zamani za ua hili huhitaji kupitia baridi hiyo ili zichanue. Pili, mche unaokutwa na baridi kabla ya kushika mizizi mara nyingi hufa. Mtu hawezi kuizuia baridi isije. Awezacho ni kuwahi kupanda.

Wapendwa, je, sisi tunawahi? Wapo wazazi wanaomleta kijana kwa katekista majuma machache kabla ya ndoa, wakiomba afundishwe upesi, abatizwe. Wapo wanaonung'unika kwamba muda wa ukatekumeni ni mrefu mno. Haraka haraka haina baraka. Kijana huyo atakutana na ukosefu wa kazi, na msiba, na ugonjwa wa mtoto, naye hana mizizi. Halafu tutashangaa kwamba ameliacha Kanisa.

Nanyi makatekista, mnaofundisha chini ya mti kwa malipo ya ahsante tu, msivunjike moyo mnapoona majani bila maua. Mtakatifu Paulo aliwakumbusha Wakorinto kwamba watumishi hugawana kazi ya kupanda na kumwagilia, na ukuaji hutoka kwa Mungu. Huenda mtoto mnayemfundisha leo atachanua mbele ya macho ya watu wengine, ninyi mkiwa mmekwisha kupumzika.

Basi, juma hili kila mzazi amwulize mwanawe amejifunza nini katika mafundisho, kisha wasali pamoja jioni. Msimu wa kupanda ndio huu, kabla baridi haijafika.

Mungu Mwenyezi awabariki. Amina.