WAYA WA MAFUTA WA PIKIPIKI YETU
(Maneno ya fundi katika mkutano wa wanachama. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)



Sitasema mengi. Nina neno moja la kazi na neno moja la ukweli. Naanza na la ukweli.

Mnajua wote kwamba pikipiki ya ushirika ilianguka pale kwenye kona ya darajani, na keni mbili za maziwa, lita 40, zikamwagika. Tangu siku hiyo kijana wetu dereva anasemwa vibaya. Wengine wanasema alikuwa anakimbiza, wengine wanataka akatwe posho. Jamani, kijana hana kosa. Kosa ni langu mimi fundi. Jana yake nilikaza waya wa mafuta kupita kiasi, kisha nikampa ufunguo bila kugeuza usukani kujaribu. Alipokata kona, waya ulivutika wenyewe, injini ikanguruma, pikipiki ikamtupa. Ahsante Mungu alichubuka goti tu.

Sasa sikilizeni jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi, ili kila mtu aweze kunikagua.

Ukizungusha mkono wa mafuta, waya unavuta kifunguo ndani ya kabureta, na injini inapata hewa na mafuta zaidi. Ukiachia, springi inarudisha. Lakini waya haupaswi kuanza kuvuta mara tu unapogusa mkono. Lazima mkono ucheze kidogo kwanza. Vitabu vya pikipiki ndogo nyingi vinataja milimita 2 hadi 6, zikipimwa kwenye ukingo wa mshikio. Penseli ya shule ina unene wa kama milimita 7. Basi mkono usicheze hata unene wa penseli. Kama kitabu cha pikipiki yako kinataja kipimo kingine, fuata hicho.

Ukiwa umekaza mno, kugeuza usukani kunavuta waya na injini inaongeza mwendo bila ruhusa yako. Ukiwa umelegea mno, unazungusha mkono na injini haijibu, halafu inashtuka ghafla. Mlimani nguvu inapungua, maana kabureta haifunguki yote. Yote mawili ni ubaya.

Kazi yenyewe ni hii:

1. Simamisha pikipiki kwenye stendi, zima injini, weka gia huru.

2. Zungusha mkono mpaka mwisho kisha uachie. Lazima urudi wenyewe, tap! Fanya hivyo usukani ukiwa umenyooka, kisha kushoto kabisa, kisha kulia kabisa. Ukirudi kwa uvivu, usikaze wala kulegeza kitu. Tafuta kwanza sababu: waya umepinda, una uchafu, au mpira wa mshikio unasugua. Ukiona nyuzi za waya zimeanza kukatika, nunua mpya. Hapo hakuna kuunga.

3. Piga alama ya chaki kwenye mshikio, zungusha polepole mpaka usikie waya umeanza kuvuta, pima kwa rula alama imesogea kiasi gani.

4. Vuta kile kimpira karibu na usukani, legeza nati ya kufungia, kisha zungusha skrubu ya kurekebishia. Ukiitoa nje, kucheza kunapungua. Ukiirudisha ndani, kunaongezeka. Isipotosha hapo, rekebisha kule juu ya kabureta, kwa pikipiki zenye skrubu huko.

5. Kaza nati ya kufungia, rudisha kimpira, pima tena.

6. Hili ndilo nililoliacha mimi. Washa injini mahali pa wazi, iache iende polepole, geuza usukani kutoka kushoto mpaka kulia. Mlio usibadilike hata kidogo. Ukipanda, zima. Waya umekaza au umepitishwa vibaya. Pikipiki hiyo haitoki.

Tena, injini ikizimika ovyo ukisimama, usiikazie waya. Kabureta ina skrubu yake ya mwendo huo.

Na ninyi madereva, mafuta yakikwama njiani msipigane na mkono. Bana klachi, zima kwa swichi ya usukani, funga breki, toka barabarani.

Ndugu Mwenyekiti, naomba mambo mawili. La kwanza, kijana asikatwe hata senti. Maziwa yale nikatwe mimi, kidogo kidogo kila mwezi, mpaka yaishe. La pili, kila asubuhi kabla ya kupakia maziwa, dereva ageuze usukani injini ikiwaka, mbele ya mjumbe wa zamu. Ni kazi isiyofika dakika mbili. Na dereva akikataa kupanda chombo kibovu, asiitwe mvivu. Analinda mali yetu na roho yake.

Fundi anayeficha kosa lake anawachimbia wenzake shimo. Mimi langu nimelisema. Mwenye swali aje karakana Jumamosi, tutalifungua na kulifunga pamoja.