Tovuti ya Msikiti ni Amana



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Maswahaba wake. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, misikiti mingi ina tovuti katika intaneti, nalo ni jambo la kushukuriwa. Lakini kuifungua tovuti ni kazi ya siku chache. Kuitunza ni kazi ya miaka. Tumeona tuzungumze mambo matatu.

La kwanza: tovuti ni ya nani? Wanazuoni wa fiqhi wametufundisha kwamba msimamizi wa wakfu si mmiliki wake. Hawezi kuuuza wala kuurithisha. Tovuti iliyojengwa kwa michango ya waumini, hata kama haikuandikwa kuwa wakfu, yastahiki adabu hiyo hiyo. Mara nyingi anwani yake husajiliwa kwa jina la kijana mmoja aliyejitolea, na maneno ya siri huyajua yeye peke yake. Akihamia mji mwingine, au mauti yakimfika, jamaa nzima hubaki nje ya mlango wao wenyewe. Basi isajiliwe kwa jina la msikiti, na funguo zake washike watu wawili au watatu wa kamati.

Tena anwani hainunuliwi milele, bali hulipiwa kwa muda. Anwani inayoishia na .com, usajili wake ukifutwa kwa kutolipiwa, mwenyewe hupewa siku 30 za kuikomboa, kwa gharama ya ziada. Zikipita, huachiwa yeyote aichukue, na wako wanaozivizia anwani za namna hiyo wakaweka matangazo ya kamari. Je, tutaridhika muumini atafute darsa, akute kamari chini ya jina la nyumba ya Mwenyezi Mungu?

La pili: ukweli wa yanayoandikwa. Katika Sura Al-Hujurat tumeamrishwa kuhakiki habari, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Tazameni nyakati za swala. Jua huchukua takribani dakika 4 kuvuka kila digrii moja ya longitudo. Dar es Salaam iko karibu digrii 39.2 mashariki, na Kigoma karibu 29.6, tofauti ni dakika 38 hivi. Anayeishi Kigoma akifuturu kwa jedwali la Dar es Salaam, amekula ilhali jua halijazama. Hata alfajiri ina hesabu zake: Rabita huhesabu jua likiwa digrii 18 chini ya upeo, na Misri 19.5, tofauti ya takribani dakika 6 katika nchi zetu. Kwa hiyo jedwali litaje mji na hesabu iliyotumika, na imamu alipitie kabla halijawekwa. Vivyo hivyo, tangazo la darsa lililopita liondolewe. Msafiri asije na watoto wake akakuta mlango umefungwa.

La tatu: heshima na mali za watu. Picha za watoto wa madrasa zisiwekwe bila idhini ya wazazi, wala yasitangazwe majina ya waliopewa zaka. Kwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inadai uangalifu huo. Namba ya kupokelea sadaka iwe ya msikiti, si ya mtu, na ibandikwe pia ubaoni msikitini ili waumini walinganishe. Mwizi akiingia katika tovuti hahitaji kuvunja sanduku. Kubadili namba hiyo kunamtosha.

Wako wasemao kwamba fedha hizi ni bora zitengeneze paa. Hatuwapingi: paa likivuja, lianze paa. Na jamaa isiyoweza kutunza kurasa ishirini iweke moja tu, yenye mahali ulipo msikiti, nyakati za swala na namba ya ofisi, yote yakiwa ya kweli. Ukurasa mmoja wa kweli una kheri kuliko ishirini zinazopoteza watu. Lakini kila kamati, kabla ya Ijumaa ijayo, ijiulize: funguo zetu anazo nani, na muda wa anwani unaisha lini?

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kuchunga amana zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.