Kifuniko cha Kikombe cha Safari

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Mliponitaka nizungumze nanyi jioni hii, nadhani wengi mlitazamia habari za mishahara, au vyeo, au nyumba za makarani. Mambo hayo yana wasemaji hodari kuliko mimi. Mimi nimekuja na kitu kidogo, nacho hiki hapa mezani: kifuniko cha kikombe cha chai, nilichokifanya kwa mikono yangu mwenyewe. Nawaomba msicheke kabla sijamaliza.

Ninyi mliokwenda safari za kazi mashambani mwajua taabu ya kikombe kisicho kifuniko. Karani hukiteleka juu ya mafiga. Upepo huleta majivu, nzi naye hutaka fungu lake, na maji hukawia kuchemka. Watu hudhani kifuniko ni cha kuzuia taka tu, kumbe kazi yake kubwa ni kuzuia mvuke. Kuyageuza maji ya kikombe yote yawe mvuke kwataka moto zaidi ya mara 5 ya ule utoshao kuyatoa katika baridi ya barafu hata yachemke. Basi mvuke upaao huenda na kuni zako.

Katika idara yetu alikuwapo tarishi mzee, ambaye ujanani alijifunza kazi kwa fundi bati. Yeye alikuwa na kifuniko kizuri, na safarini chai yake ilikuwa tayari kabla ya yangu. Nikamwambia anifanyie kimoja, nami nitamlipa. Akanijibu, "Bwana Karani, wewe umesoma. Njoo na kipimo, tufanye pamoja." Kusema kweli niliona haya kuketi chini na nyundo mbele za watu, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kikombe changu kina upana wa milimita 90 mdomoni, toka nje hata nje. Tulichonga kibao cha mviringo cha mti mgumu, upana wake milimita 92, ili kifuniko kisibane. Tukakata shauri ukingo ushuke milimita 10. Mzee akauliza, "Basi bati tulikate kiasi gani?" Nikajibu upesi: 92, na 10 huku, na 10 kule, jumla 112. Nikajiona mwanachuoni kweli kweli. Tukapiga duara kwa bikari, tukakata kwa mkasi wa bati, nami nikashika nyundo, nikaukunja ukingo wote chini kwa mara moja.

Ndugu zangu, lile bati lilifanya marinda kama gauni. Nikazidi kupiga, marinda yakalaliana, na mahali pawili likapasuka. Mzee hakunicheka. Aliniuliza neno moja tu: "Bati lililokuwa huku nje, ulilitaka liende wapi?"

Nikachukua kalamu. Mzunguko wa duara la milimita 112, ukizidisha kwa 22 na kugawanya kwa 7, ni milimita 352. Mzunguko wa kibao cha milimita 92 ni 289. Tofauti ni 63. Maana yake, ncha ya bati ilikuwa ndefu kuliko mahali pake kwa milimita 63, nami nililazimisha urefu huo wote umezwe kwa pigo moja. Hesabu hii nalifundishwa katika shule ya misioni, nikaipasi kwa sifa, nisijue ni ya nini. Mzee hakuijua kwa tarakimu, lakini mikono yake iliijua.

Njia iliyo sawa ni hii. Twaa alumini safi, unene wake milimita moja au pungufu. Ipake sabuni, uipashe moto polepole hata sabuni igeuke nyeusi, kisha uiache ipoe. Moto huu huilainisha. Sabuni ndiyo mlinzi wako, kwa kuwa alumini haiwi nyekundu ikakuonya. Huyeyuka ghafula, katika moto wa digrii 660. Kisha ibane katikati ya vibao viwili ndani ya jiliwa, utumie nyundo ya mti. Usikunje mahali pamoja hata chini. Inamisha ukingo kidogo tu, uzunguke duara zima. Kisha zunguka tena, na tena. Kila kirinda kikichomoza, kipige kingali kidogo, nacho humezwa, bati likazidi unene kidogo mahali pale. Kikiisha kulala hakitengenezeki tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Alumini ikianza kuwa ngumu, irudishe kwenye sabuni na moto. Mwisho piga tupa ukingoni usikukate, toboa tundu dogo la mvuke, na utie kishikio cha mti kwa ribiti.

Nina maonyo mawili. Usitumie bati la paa lililopakwa zinki: likipata moto mkali hutoa moshi uletao homa, na vitu vikali kama ndimu huila zinki ikaingia katika kinywaji. Wala usilehemu chombo cha chakula kwa lehemu yenye risasi, kwa kuwa risasi ni sumu, na hudhuru zaidi akili za watoto.

Sasa nitawaambia kwa nini nimeleta jambo hili mbele ya chama cha watu wa kalamu. Nina mdogo wangu aliyekosa nafasi ya shule ya sekondari. Aliniandikia kwamba ataka kuketi kwa fundi bati ajifunze kazi. Nikamjibu, kwa mwandiko mzuri, kwamba katika nyumba yetu hapatatoka mgonga mabati. Barua ile niliiandika kabla ya kukutana na milimita 63. Nilipokiharibu kifuniko cha kwanza, niliikumbuka, nikaona haya kuliko nilivyoona haya ya kuketi chini.

Mafundi wa Gerezani kule Dar es Salaam, na wa Kamukunji kule Nairobi, wameunda ndoo, masanduku na majiko kwa mikono yao, wengi pasipo mwalimu ila fundi mwenzao. Mwaka 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi la Kimataifa walipotoa taarifa yao juu ya Kenya, waliandika kwamba kazi za watu wa namna hii zina faida kwa nchi, na zastahili msaada badala ya kusumbuliwa. Tusingoje wageni watuambie yaliyo mlangoni petu.

Nalimwandikia mdogo wangu barua ya pili, fupi kuliko ile ya kwanza, nikatia na fedha ya kununua mkasi wa bati. Hajanijibu bado. Nadhani ana haki ya kukawia.

Kifuniko hiki nakiacha hapa mezani. Atakaye kukipima na akipime. Kimependa upande kidogo, lakini maji huchemka chini yake.