Kwa Nini Wanamtoa Baba Damu, na Damu Yake ni Kidogo?

(Muziki wa kufungua kipindi, kisha unashuka)

MTANGAZAJI: Karibuni kwenye dakika zetu za afya.

Juzi jirani mmoja alinisimamisha kwenye foleni ya maji. Baba yake ana saratani ya utumbo mpana, na amepewa rufaa akafanyiwe upasuaji hospitali kubwa. Akaniuliza: "Wanasema damu ya baba ni kidogo. Sasa mbona kila akienda wanamtoa tena?"

Ni swali zuri. Nimewauliza wahudumu wetu wa afya, na leo nakujibu na wewe unayejiuliza hivyohivyo.

Kwanza, kiasi chenyewe. Kwa kipimo hiki, damu inayochukuliwa haizidi kijiko kimoja cha chai. Mtu mzima ana kama lita 5 mwilini. Na damu hiyo haiuzwi, kama wengine wanavyosema. Inaingia kwenye mashine ya maabara inayohesabu chembe za damu.

Chembe hizo ni za aina 3. Nyekundu hubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuisambaza mwilini. Nyeupe ni walinzi dhidi ya magonjwa. Chembe sahani, ambazo ni ndogo sana, hugandisha damu unapojikata.

Sasa, kwa nini azihesabu? Uvimbe wa saratani utumboni huvuja damu kidogo kidogo, mara nyingine bila kuonekana chooni. Ndiyo maana damu hupungua. Wekundu wa damu ukiwa chini ya gramu 13 kwa desilita kwa mwanaume, au chini ya 12 kwa mwanamke asiye mjamzito, huo ni upungufu wa damu. Anayepasuliwa akiwa hivyo hupata matatizo kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo daktari anaweza kumpa kwanza dawa ya madini ya chuma, au kumwongezea damu ikibidi.

Kwenye chembe nyeupe, hulinganishwa makundi mawili: neutrofili, ambazo huongezeka mwili unapopambana na maambukizi au jeraha, na limfosaiti, ambazo husaidia kuishambulia saratani yenyewe. Watafiti wameona kwamba neutrofili zikizidi mno limfosaiti kabla ya upasuaji, wagonjwa wa namna hiyo kwa wastani huwa na maisha mafupi zaidi. Chembe sahani zikiwa nyingi kupita kiasi, nazo ni dalili ya kuangaliwa kwa karibu.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Namba hizo si hukumu. Zinasema habari za kundi la wagonjwa, hazisemi mwisho wa baba yako. Jambo kubwa zaidi ni saratani imefika wapi: iko kwenye utumbo tu, au imeenea kwenye tezi au ini. Tena malaria, minyoo na kidonda chenye usaha hubadilisha namba zilezile. Basi usimfiche daktari. Mwambie kama uliugua malaria wiki hizi, na kama unatumia dawa za mitishamba.

Baada ya upasuaji watachukua damu tena. Chembe nyeupe kupanda siku za mwanzo ni kawaida. Lakini zikiendelea kupanda, na mgonjwa ana homa au tumbo linauma zaidi, daktari hutafuta maambukizi, au kama mahali utumbo uliposhonwa panavuja. Kuchelewa hapo ni hatari ya kifo. Ukikataa kipimo siku hiyo, umemficha daktari jambo analotakiwa kuliona.

Na wewe uliye nyumbani: ukiona damu kwenye choo, choo kimebadilika kwa wiki kadhaa, unakonda au unachoka bila sababu, usiseme "ni bawasiri tu" ukakaa kimya. Mzee wa kiume, au mama aliyekoma hedhi, akiambiwa ana upungufu wa damu, aulize: damu yangu inapotelea wapi? Usione haya. Saratani hii ikigunduliwa mapema, upasuaji unaweza kuiondoa kabisa.

Jirani yangu, kama unanisikia: mwache baba atoe kile kijiko kimoja. Nasi tunamwombea arudi salama. Usiku mwema.

(Muziki wa kufunga)