Juu ya Motokaa Iliyozuiliwa kwa Shaka ya Bima
(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Mtwara)



Msimu wa korosho u karibu, na motokaa za makarani wengi zitakuwa njiani kwenda Tandahimba, Newala na Masasi. Ndiyo sababu twaona heri kulisema jambo hili sasa.

Mwenzetu mmoja alisimamishwa katika barabara ya Mikindani. Alikuwa na stakabadhi ya malipo, alikuwa na hati ya bima yenye muhuri, na tarehe yake haijapita. Askari akaandika namba ya gari katika simu yake, na jawabu likaja ya kwamba gari hilo halina bima. Likapelekwa kituoni. Siku ile mwenzetu alikuwa anampeleka mamaye hospitali ya Ligula. Mama yule mzee akamalizia safari kwa bajaji. Na gari lenyewe lingali likilipiwa katika mshahara wake kila mwezi.

Askari hakukosa. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, ambayo asili yake ni enzi za Waingereza, yakataza kutumia gari barabarani pasipo bima ya kuwakinga watu wengine watakaokufa au kujeruhiwa kwa gari hilo. Sheria haiulizi kama mwenye gari ana moyo safi; yauliza kama bima ipo. Zamani mambo yalikuwa mepesi kidogo. Shirika la Bima la Taifa, lililoundwa mwaka 1963 na kutaifishwa mwaka 1967, lilikuwa peke yake, na mwenye shaka alijua mlango wa kubisha. Sheria ya mwaka 1996 ilifungua njia kwa makampuni ya watu binafsi. Milango ikawa mingi, na mawakala wakawa wengi kuliko milango. Leo bima huandikwa katika mtambo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, na isiyoandikwa humo askari hawezi kuiona.

Basi fedha zilikuwa wapi? Pengine wakala hukosea herufi moja ya namba, bima ikawa ya gari lisilokuwapo duniani; sisi makarani twalijua kosa hilo. Lakini hapa wakala alipokea fedha asiandike kitu, na kampuni ikasema haizijui. Tukajibu kwa barua kwamba wakala aliyepewa na kampuni ruhusa ya kupokea malipo ni mkono wa kampuni, na kilichoingia mkononi kimeingia nyumbani. (Dalali ni mwingine, huyo kwa kawaida humtumikia mteja, na hoja hii haimwingii sawasawa.)

Kituoni hatukupiga kelele. Tuliomba kwa adabu tuandikiwe sababu ya kuzuiliwa, tarehe, hali ya gari, na vitu vilivyomo: tairi la akiba, jeki, redio. Motokaa yaweza kuingia uani na matairi matano ikatoka na manne, na hapo hakuna atakayekumbuka. Kisha tukatoa nakala za hati zote. Hati zenyewe hazikutoka mikononi mwetu. Kampuni iliponyamaza, tukapeleka shauri kwa TIRA, ofisi ya Kanda ya Kusini, hapa hapa Mtwara. Siku ya tisa kampuni ikakiri malipo, bima ikaandikwa, gari likatoka. Hasara ya siku zile tisa bado yabishaniwa. Wasipopatana, itakwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, Dar es Salaam, ambaye cheo chake chatokana na Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Wako waliomshauri anunue bima ya pili ili gari litoke upesi. Sisi hatuoni haya katika hilo, mradi mtu aandike kwamba hajaacha dai lake la kwanza, naye ajue kuwa bima mpya haifuniki siku zilizopita. Lakini mtu akikuambia atairudisha nyuma tarehe, mkimbie; huo ni udanganyifu, nawe utashitakiwa pamoja naye.

Limebaki neno la Ruvuma. Wengi wana kadi ya njano ya COMESA. Nchi yetu ilitoka katika COMESA mwaka 2000 lakini ikabaki katika mpango wa kadi hiyo; Msumbiji haimo. Kadi ile yakufikisha Malawi na Zambia, haikufikishi Palma. Apitaye kwa kivuko cha Kilambo, au kwa Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lililofunguliwa mwaka 2010, anunue bima ya Msumbiji mpakani kabla ya kuendelea. Kwa kuwa kule nako huendesha upande wa kushoto, mtu hudhani hakuna kilichobadilika.

Nakala za barua zetu zi kwa Katibu. Mwanachama atakaye kuzinakili aje baada ya saa za kazi, na karatasi yake mwenyewe.