Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, ambaye ni Afisa Mipango katika halmashauri ya wilaya, kwenye mkutano wetu wa mwaka uliofanyika katika bwalo la shule.)



Nimeombwa nizungumze juu ya chakula bora na afya. Wale niliosoma nao watacheka, maana wanakumbuka kwamba katika bwalo hili hili nilikuwa mwepesi wa kumaliza ugali na kuyaacha maharage katika sahani. Leo nimekuja kuyaomba radhi maharage yale.

Darasani tulifundishwa mafungu matatu ya chakula: vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Tukayakariri, tukafaulu mtihani, kisha tukayasahau. Siku hizi mwongozo wa taifa wa mwaka 2023 unataja makundi sita, lakini maana haikubadilika: chakula kimoja peke yake, hata kikiwa kingi, hakitoshi.

Ndugu zangu, sisi ni watu wa Nyanda za Juu Kusini. Mahindi yetu yanalisha miji. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyostahili umri wao. Katika Mkoa wa Iringa ni 57 hivi. Njombe na Rukwa ni kama 50. Wenye maghala ndio wenye watoto waliodumaa.

Takwimu hizi nilikuwa nikiziandika katika taarifa za wilaya bila kukosa usingizi. Mpaka siku nilipomsindikiza mama watoto kliniki na mtoto wetu wa mwisho, aliyekuwa na mwaka mmoja na miezi saba. Muuguzi alimlaza juu ya ubao wa kupimia urefu, akaangalia kadi, akasema kwa upole, "Baba, mtoto huyu amedumaa." Nilikasirika. Nikamwambia kwamba nyumbani kwangu kuna magunia ishirini ya mahindi. Akanijibu, "Sikuuliza magunia, baba. Nauliza, jana mtoto alikula nini?" Sikujua. Mke wangu ndiye aliyejibu: uji mweupe asubuhi, ugali na mchuzi jioni. Maziwa ya ng'ombe wetu na mayai vilikuwa vikiuzwa, na aliyeamuru viuzwe ni mimi.

Nilijifunza mengi kwa aibu ile. Kwanza, tumbo la mtoto ni dogo. Mtoto wa umri ule anahitaji kulishwa mara tatu au nne kwa siku, na kitu kidogo katikati. Mama anayetoka shambani jioni atamlishaje mara nne? Pili, mahindi yaliyokobolewa yamepoteza sehemu kubwa ya vitamini na madini yake. Shibe inabaki, ujenzi unapungua. Tatu, kuhara na homa za mara kwa mara hunyang'anya mwili hata kile kidogo ulichopata. Nne, siku zenyewe ni chache: kama 1,000 tu, tangu mimba kutungwa mpaka mtoto atimize miaka miwili. Wakati huo ubongo unakua kwa kasi, na kinachokosekana hapo ni vigumu kukilipa baadaye. Mtoto wangu alipata nafuu, ni mchangamfu, lakini urefu alioupoteza hakuurudisha wote.

Tusiseme kwamba jambo hili haliwezekani. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa mwaka 1973. Mwaka 1975 nchi nzima iliitikia kampeni ya Chakula ni Uhai. Na kuanzia mwaka 1983, hapa hapa Iringa, vijiji 168 viliingia katika mpango uliosaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za Italia. Watoto walipimwa uzito kijijini, na wazazi wakakaa pamoja kuuliza: huyu amepungua kwa nini, na tufanye nini? Utapiamlo mkali ulipungua sana. Siri yake haikuwa dawa. Ilikuwa ni wananchi kuyazungumza mambo yao wenyewe.

Nasi watu wazima tusijisahau. Naona vitambi humu ndani, na changu kimo. Wenzetu kadhaa wana kisukari na shinikizo la damu. Tupunguze chumvi, sukari na mafuta, tuongeze mboga na matunda, tutembee kwa miguu. Chai tusiinywe papo hapo na chakula, kwa sababu inazuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga. Bora tule chungwa au pera, ambalo husaidia.

Mtauliza, kwa nini niyaseme haya katika shule ya wavulana? Kwa sababu katika nyumba nyingi za kwetu mwanamume ndiye mwenye ufunguo wa ghala na mfuko wa fedha. Ndiye anayeamua yai liuzwe au liliwe, na ndiye anayeweza kumpunguzia mama jembe wakati ananyonyesha. Vijana hawa ni baba wa kesho.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, natoa pendekezo. Badala ya kununua viti vingine vya wageni, kila mwaka wa wahitimu utoe miche ya miparachichi na kuku wa kuanzia banda la shule, na bustani ya mboga ifufuliwe, ili vijana wale wanachojifunza. Mimi naanza na miche kumi. Na kila mmoja wetu atakaporudi nyumbani, kabla ya kuuliza habari za magunia, aulize: leo mtoto amekula nini?