Daftari la Mtoto



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (S.A.W.), leo nitazungumzia jambo tunalolidharau: senti za watoto wetu.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu kuandika deni, liwe dogo au kubwa. Na katika Suratun Nisaa, aya ya 6, walezi wameamrishwa kuwajaribu mayatima kabla ya kuwakabidhi mali yao. Baadhi ya wanavyuoni wamesema kuwa hujaribiwa kwa kupewa mali kidogo waiendeshe, huku mlezi akiwatazama. Ikiwa yatima hufunzwa hivyo, je, mtoto aliye na baba yake nyumbani?

Mimi mwenyewe nilighafilika. Nilimpa mwanangu fedha za Idi kila mwaka, nisimuulize zimekwendaje. Siku moja mwenye duka akanifunulia daftari lake: mwanangu anadaiwa, na jina lililoandikwa ni langu! Nikalipa, kisha nikamnunulia mtoto daftari. Ukurasa huu kilichoingia, ule kilichotoka. Juma la kwanza aliandika uongo, nikamwonya. Juma la tatu, mbele ya shilingi mia mbili, aliandika: "Sikumbuki."

Wallahi, neno hilo lilinifurahisha kuliko hesabu iliyotimia. Msimpige mtoto kwa neno hilo. Mkimpiga, kesho ataandika uongo mahali pake.

Kisha akaniuliza daftari langu liko wapi. Sikuwa nalo. Sasa ninalo.

Wabillahi taufiq.